Kuhamisha Faili za Picha za Uchunguzi Bila Kukata Njia Zake

Mgonjwa aliyepigwa picha ya CT au MRI huondoka idara ya radiolojia na vitu viwili: ripoti iliyoandikwa na diski yenye picha zenyewe. Ripoti husomwa na kuwekwa kwenye jalada. Diski ndiyo husafiri. Mgonjwa anayepewa rufaa kutoka Mwanza kwenda kwa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo Dar es Salaam huibeba kwa zaidi ya kilomita 1,000, kwa kuwa daktari anayepanga upasuaji hatosheki na maelezo ya mwenzake. Anahitaji kuuona uvimbe kwa macho yake, kuupima, na kuufuatilia kipande kwa kipande.

Njiani picha hizo huhamishwa, mara nyingi zaidi ya mara moja. Kompyuta mpakato nyingi za siku hizi hazina mlango wa diski, hivyo ndugu wa mgonjwa huomba zinakiliwe kwenye flashi. Mhudumu wa kliniki naye huzinakili kutoka kwenye flashi hadi kwenye kompyuta ya idara. Hatimaye daktari hufungua, akaona jina la mgonjwa, tarehe ya uchunguzi na orodha ya picha, lakini kila picha anayoichagua hujibiwa na ujumbe kwamba faili haikupatikana. Katika hali hii huenda picha zote ni nzima. Kilichokatika ni njia inayoziunganisha na orodha yake.

Makala haya yanaeleza njia hizo ni nini, hukatika vipi, na namna mgonjwa au mhudumu wa afya anavyoweza kuhamisha picha zikafika zikiwa kamili na zikiwa za mtu yuleyule.

Faili inayoelekeza kwenye faili nyingine

Programu nyingi za kompyuta hazihifadhi kila kitu ndani ya faili moja. Huweka faili moja ya kuongoza, ambayo kazi yake ni kueleza faili nyingine ziko wapi. Maelezo hayo ndiyo huitwa njia, na njia ni za aina mbili.

Tuchukue mfano wa chumba cha kumbukumbu za wagonjwa. Daftari la mapokezi linaweza kuandika: “Jengo la pili, chumba namba 4, kabati la dirishani, droo ya tatu.” Hiyo ni njia kamili. Huanza nje kabisa na kutaja kila hatua hadi ndani. Ni maelezo mazuri mradi kabati halijahamishwa. Likipelekwa jengo jingine, daftari linakuwa linaelekeza mahali patupu.

Aina ya pili ni karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa kabati lenyewe: “Droo ya tatu, kifurushi cha tano.” Karatasi hiyo haijui kabati liko chumba gani, wala haihitaji kujua. Huhesabu hatua kuanzia pale ilipobandikwa. Hii inaweza kuitwa njia tegemezi, kwa kuwa maana yake hutegemea mahali inaposomewa. Kabati likihamishwa zima hadi hospitali nyingine, maelezo yanabaki sahihi. Lakini mtu akiubandua ule waraka na kuupeleka peke yake, au akibadilisha mpangilio wa droo, maelezo yanapoteza maana ingawa majalada yote yamo.

Diski ya picha za tiba imetengenezwa kwa njia tegemezi kwa makusudi, kwa sababu watengenezaji walijua kwamba itasomwa kwenye kompyuta wasizozijua. Sharti lake ni moja: uhusiano kati ya faili ya kuongoza na faili za picha usiguswe.

Kilichomo ndani ya diski ya mgonjwa

Picha za tiba hufuata kiwango cha kimataifa kinachoitwa DICOM. Kilianzishwa Marekani na chama cha madaktari wa radiolojia, ACR, kwa kushirikiana na chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme, NEMA. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1985, na jina la DICOM lilianza kutumika na toleo la mwaka 1993. Kabla ya hapo kila kampuni ilihifadhi picha kwa namna yake, na picha ya mashine moja haikusomeka kwenye kifaa cha kampuni nyingine.

Diski iliyofuata kiwango hicho ina faili moja iitwayo DICOMDIR, iliyowekwa juu kabisa, nje ya folda zote. Hii ndiyo faharasa. Ndani yake mna ngazi nne: mgonjwa, uchunguzi, mfululizo wa picha, na picha moja moja. Kila picha imeandikiwa njia tegemezi inayoanzia pale DICOMDIR ilipo.

Picha zenyewe zimo ndani ya folda. Majina yake huwa mafupi na yasiyo na maana kwa binadamu, kwa sababu kiwango huruhusu herufi kubwa, tarakimu na alama ya mstari wa chini tu, visizidi vinane kwa kila jina. Ndiyo maana mtu akifungua diski hukutana na majina kama IM000001, bila hata kiambishi cha mwisho kinachoonyesha ni faili ya aina gani. Wengi hudhani faili hizo ni takataka za kompyuta na kuziacha. Kumbe ndizo picha.

Wingi wake nao huwashangaza wasiozoea. Kipande kimoja cha CT chenye pikseli 512 kwa 512 huchukua takriban nusu megabaiti. Uchunguzi wenye vipande 400 una faili 400 na hukaribia megabaiti 200. Diski nyingi huwa pia na programu ndogo ya kutazamia picha, nayo huitafuta DICOMDIR mahali ilipopangiwa kuikuta. Kuinakili programu hiyo peke yake ni sawa na kubeba miwani na kuliacha gazeti.

Njia hukatika vipi

Kosa la kwanza, na lililo la kawaida zaidi, ni kuchukua faili ya DICOMDIR peke yake. Mhudumu huibofya, picha zinatokea, naye anaamini kwamba picha zimo ndani yake. Anaituma kwa barua pepe. Aliyepokea anapata orodha ya majina bila picha hata moja. Ukubwa wa faili ungetosha kumtahadharisha, kwa kuwa uchunguzi wa megabaiti 200 hauwezi kuwamo ndani ya faili ndogo kiasi hicho.

Kosa la pili ni kupanga upya. Mtu mwenye nia njema hubadilisha jina la folda ya ndani liwe jina la mgonjwa, au huzitoa picha zote kwenye folda zake na kuziweka pamoja. Wengine huongeza kiambishi mwishoni mwa kila jina ili zionekane kama picha za kawaida. Kila badiliko la namna hiyo hulifanya jina lililoandikwa kwenye faharasa lisilingane tena na jina la faili. Hata kubadilisha herufi kubwa kuwa ndogo huleta shida kwenye mifumo inayozitofautisha, kama vile Linux, ingawa kwenye Windows huenda tofauti isionekane.

Kosa la tatu hutokea kwenye faili zilizofungwa pamoja kwa zip. Kufunga kwa zip ni jambo jema, kwa kuwa folda na mpangilio wake husafiri kama mzigo mmoja. Lakini anayepokea akibofya DICOMDIR ikiwa bado ndani ya mzigo, kompyuta huweza kuitoa faili hiyo moja tu na kuiweka mahali pa muda, mbali na picha zake. Mzigo sharti ufunguliwe wote kwanza kwenye folda ya kawaida.

Kosa la nne ni urefu wa njia. Kwa desturi Windows huweka kikomo cha herufi 260 kwa njia nzima. Folda ikiwekwa ndani ya folda, ndani ya nyingine yenye jina refu, baadhi ya picha hushindwa kunakiliwa. Ujumbe wa onyo hutokea, lakini aliye na foleni ya wagonjwa mlangoni hubofya “ruka” na kuendelea.

Ipo pia njia ya mkato inayotumiwa sana, ya kupiga picha kioo cha kompyuta kwa simu na kuituma. Inafaa kwa kuomba ushauri wa haraka, lakini haichukui nafasi ya faili asili. CT hupima kila nukta ya mwili kwa kipimo ambacho maji ni 0 na hewa ni -1000, na daktari hubadilisha mwanga wa picha ili aone ubongo, kisha mfupa, kisha damu. Picha ya simu imeganda kwenye mwanga mmoja uliochaguliwa na mtu mwingine, na vipimo havimo.

Hatari iliyo kubwa kuliko picha kutofunguka

Picha isiyofunguka humchelewesha mgonjwa, lakini angalau kila mtu anajua kwamba kuna tatizo. Hatari iliyo kubwa zaidi ni njia inayofika vizuri, ila kwa mtu mwingine.

Majina mafupi ya faili hujirudia. Diski ya mgonjwa wa kwanza ina DICOMDIR na IM000001. Diski ya mgonjwa wa pili, iliyotoka kwenye mashine ileile, inaweza kuwa na majina hayohayo. Mhudumu akizinakili zote mbili kwenye folda moja, kompyuta huuliza kama faili zibadilishwe au zirukwe. Akichagua kubadilisha, picha za wa kwanza zinafutika. Akichagua kuruka, za wa pili haziingii. Akichanganya majibu, faharasa yenye jina la mgonjwa mmoja inaweza kuelekeza kwenye picha za mwingine. Programu makini hulinganisha utambulisho ulio kwenye faharasa na ule ulio ndani ya picha na kukataa kuendelea, lakini usalama wa mgonjwa hauwezi kuachiwa umakini wa programu.

Kwa hiyo jina la folda lisichukuliwe kamwe kuwa uthibitisho. Jina lililo nje liliandikwa na aliyenakili. Kabla ya uamuzi wowote wa tiba, mhudumu asome jina, namba ya mgonjwa, umri na tarehe ya uchunguzi vinavyoonekana juu ya picha yenyewe, avilinganishe na jalada na, inapowezekana, amuulize mgonjwa.

Hatua za kuhamisha kwa usalama

1. Kutengeneza folda mpya tupu kwa kila mgonjwa na kila uchunguzi. Folda hii ya nje ndiyo pekee inayoweza kupewa jina lolote. Iwekwe karibu na mwanzo wa diski ya kompyuta, na jina lake liwe fupi.

2. Kuchagua vyote vilivyomo kwenye diski, pamoja na DICOMDIR, folda zote na programu ya kutazamia, na kuvinakili ndani ya folda hiyo bila kubadilisha jina wala mpangilio wa kitu chochote.

3. Kunakili, bila kukata. Amri ya kukata na kubandika huondoa faili mahali pa zamani. Umeme ukikatika au flashi ikichomolewa katikati, sehemu ya picha inaweza kubaki huku na nyingine kule.

4. Kulinganisha idadi ya faili na ukubwa wa jumla kati ya mahali pa zamani na papya. Kama diski ina faili 412 na folda mpya ina 409, kazi haijakamilika.

5. Kufungua picha kutoka mahali papya, diski ya asili ikiwa imeondolewa. Diski ikibaki ndani, inawezekana programu inasoma kutoka humo na jaribio halithibitishi chochote. Zitazamwe picha za mwanzo, za katikati na za mwisho za kila mfululizo.

6. Kuitoa flashi kwa amri ya kompyuta kabla ya kuichomoa, na kumrudishia mgonjwa diski yake ya asili.

Kama picha zinatumwa kwa mtandao, folda yote ifungwe kwa zip na kuwekewa nenosiri, nalo litumwe kwa njia tofauti na ile ya faili. Picha za uchunguzi hubeba jina na taarifa za afya za mtu, na kwa Tanzania taarifa za namna hiyo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Flashi iliyotumika kupitishia picha isizunguke wodini ikiwa na wagonjwa wa mwezi mzima ndani yake.

Njia ikishakatika

Daktari akikutana na orodha isiyofungua picha, asikimbilie kuandika uchunguzi urudiwe. CT ya kichwa humpa mgonjwa mionzi ya takriban milisiverti 2, kiasi kinachokaribia kile ambacho binadamu hupata kwa wastani kutoka kwenye mazingira ya asili kwa mwaka mzima, yaani 2.4. CT ya tumbo huzidi kiwango hicho mara kadhaa, na huenda ikahitaji tena dawa ya mshipani ya kung'arisha picha, ambayo si salama kwa kila figo. MRI haina mionzi ya namna hiyo, lakini ina gharama na foleni. Tena zipo picha zisizoweza kurudiwa kabisa. Picha iliyopigwa kabla ya upasuaji au tiba ya mionzi ndiyo kipimo pekee cha kujua kama uvimbe umepungua, na siku ile haiwezi kurudishwa.

Habari njema ni kwamba kila picha ya DICOM hubeba utambulisho wake ndani yake. Mwanzoni mwa kila faili zimeandikwa taarifa za mgonjwa, tarehe, mashine iliyotumika, na namba za pekee zinazotaja picha hiyo ni ya uchunguzi gani na mfululizo upi. Hata majina ya faili yakivurugwa, namba hizo hazibadiliki. Programu nyingi za kutazamia picha zina amri ya kuingiza folda nzima: husoma kila faili, hutambua zilizo picha kwa kilichomo ndani yake, na kuzipanga upya bila kuitegemea DICOMDIR. Hili lijaribiwe kwanza.

Lisipofaulu, itafutwe diski ya asili, ambayo mara nyingi ingali nyumbani kwa mgonjwa. Ikikosekana, iulizwe idara iliyopiga picha, kwa kuwa hospitali zenye mfumo wa kuhifadhi picha, yaani PACS, zinaweza kutoa nakala nyingine. Kurudia uchunguzi kuwe hatua ya mwisho.

Kanuni hiyohiyo katika takwimu na ramani

Wahudumu wa afya wanaofanya utafiti hukutana na tatizo lilelile katika folda za kazi zao. Mwanafunzi wa uzamili anapochambua takwimu kwa R au Stata huandika amri ya kusoma faili ya takwimu. Akiandika njia kamili, inayoanza na herufi ya diski na kupitia folda yenye jina lake, amri hiyo haitafanya kazi kwenye kompyuta ya msimamizi wake. Akiweka takwimu, amri na matokeo ndani ya folda moja kuu, na kuandika njia zote kuanzia kwenye folda hiyo, kazi nzima inaweza kuhamishwa popote.

Hapa pia ipo hatari isiyopiga kelele. Folda ikinakiliwa ndani ya kompyuta ileile ili takwimu zisahihishwe, amri zenye njia kamili huendelea kusoma takwimu za folda ya zamani. Hakuna onyo linalotokea. Mtafiti husahihisha umri wa wagonjwa, huendesha uchambuzi, na kupata majibu yaleyale ya jana, kwa kuwa masahihisho hayakusomwa kabisa.

Wanaochora ramani za magonjwa kwa QGIS wana nafuu, kwani programu hiyo kwa kawaida huhifadhi njia tegemezi. Hata hivyo, ramani ya aina ya shapefile huwa na faili zisizopungua tatu, zenye viambishi .shp, .shx na .dbf, ambazo lazima zisafiri pamoja na kubaki na jina moja. Anayetuma ile ya .shp pekee ametuma mipaka ya wilaya bila majina yake.

Ya kukumbuka

Mgonjwa hahitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta. Inatosha aombe diski yake kila anapopigwa picha, aihifadhi ya asili hata baada ya kunakiliwa, asifute wala kubadilisha majina ya faili asizozielewa, na aombe picha zifunguliwe mbele yake kabla ya kusafiri. Mhudumu wa afya naye ahamishe folda nzima, ahesabu faili, afungue mahali papya, na asome jina lililo juu ya picha. Kazi hiyo huchukua dakika chache pale Mwanza. Ikiachwa, mgonjwa huweza kufika Dar es Salaam na kuanza upya safari ya uchunguzi ambayo alikwisha kuikamilisha.